Mlango wa Karatasi ya Kijani

Asubuhi ya siku ya tano ya kulipima jumba la Marlingcote, niliegemeza ngazi ukutani, nikapanda, nikanyoosha mkono kugusa kioo cha dirisha la tatu kutoka kushoto. Hakikuwa kioo. Ilikuwa mbao. Mbao iliyopakwa rangi nyeusi ya kung'aa, ikachorwa mistari myeupe ionekane ina vioo kumi na viwili, na upande mmoja fundi akachora pazia jeupe lililovutwa nusu. Kwa miaka minne nilikuwa nikililia pazia lile nikidhani ni shati la mwanamume.

Nilikaa juu ya ngazi kitambo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikaandika vipimo, maana ndicho nilichotumwa.

Jina langu ni Thirza Beddoes, mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya Mzee Pugh, mjini Ludlow. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu darasani. Nilijisomea nimepiga magoti, kitambaa cha vumbi mkono huu, ukurasa mkono ule, katika maktaba ya jumba hili hili la Marlingcote, nilipokuwa kijakazi hapa miaka mitatu. Mama yangu, Keziah, alikuwa dobi hapa miaka ishirini. Vitabu vilikuwa elfu nne, na wenyewe hawakuvifungua. Mimi nilivifungua. Ndipo siku moja Bwana Mdogo, Ambrose Tarrington, aliyerudi vitani akichechemea mguu wa kulia, akanikuta nasoma kitabu cha nguzo na madari. Badala ya kunikemea aliniuliza jina langu.

Wewe unayesoma hutaona ajabu mtu kuulizwa jina. Pale Marlingcote lilikuwa jambo kubwa. Vijakazi wote wa ghorofa ya pili pale tuliitwa Mary. Aliyenitangulia aliitwa Mary, na aliyenifuata akaitwa Mary, ili Bibi Mkubwa asisumbuke kukumbuka. Kwa hiyo mwanamume aliyesema "Thirza" kwa sauti ya chini, kama anaonja kitu kitamu, alinipata siku hiyo hiyo. Tukapendana miezi tisa. Kisha barua yake ikaonekana chini ya godoro langu, nikafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Hata kufukuzwa kulikuwa na njia yake. Kuna handaki linalotoka chini ya jumba mpaka ukuta wa bustani ya mboga, futi mia tatu, lilichimbwa na babu wa babu yao ili watumishi wasionekane wakikatiza kwenye nyasi. Mama yangu alipita humo miaka ishirini na vikapu vya mashuka mabichi, mgongo ukapinda ukabaki umepinda. Na mimi nikapitishwa humo na kisanduku changu. Nilipotokea upande wa pili mvua ilikuwa inanyesha. Nikageuka. Juu kule, ghorofa ya vyumba vya wanaume ambako mimi sikuwahi kufagia, dirisha la tatu kutoka kushoto, nikaona weupe. Nikajiambia: hawezi kushuka, maskini, lakini ananitazama. Weupe ule ulinipasha moto majira manne ya baridi.

Sasa nilikuwa nimeupima. Futi tano na inchi mbili, kwa futi tatu.

Na unajua nyuma ya dirisha lile la uwongo kuna nini? Ngazi yetu. Ngazi ya nyuma, ya watumishi, ambayo nilipanda na ndoo gizani asubuhi na jioni, nikijigonga magoti, kwa sababu haikuwa na dirisha. Kwa nje walihitaji dirisha ili upande wa kushoto ulingane na wa kulia. Kwa ndani hawakuona anayehitaji mwanga.

Ndivyo lilivyo jumba zima, na nililipima siku tano nikilidharau kila inchi. Watu husafiri kuja kulishangaa. Wanasimama kwenye changarawe, wanainua macho kwenye nguzo sita za mawe na pembetatu kubwa iliyokaa juu yake, wanashusha pumzi. Nguzo zile hazibebi kitu. Nyuma yake kuna nyumba ya zamani ya matofali mekundu, nyumba ya heshima yake, iliyojengwa na mkulima aliyejua upepo unatoka wapi. Baadaye mjukuu wake mmoja akaenda Italia, akarudi na picha ya hekalu, akaivisha nyumba ya babu yake ngozi ya mawe, unene wa inchi sita. Madirisha mapya hayakulingana na sakafu za zamani, kwa hiyo katika vyumba vitatu sakafu inakata dirisha katikati, na ukitaka kuona bustani unalala kifudifudi. Jiko walilipeleka futi mia na arobaini kutoka meza ya kulia, harufu ya vitunguu isije ikawafikia wageni. Tangu hapo, vizazi vitano, hakuna Tarrington aliyewahi kunywa supu ya moto nyumbani kwake. Wanaiita desturi.

Kilichonirudisha ni kiburi chao wenyewe. Kitabu kikubwa cha majumba ya wakuu kilikuwa kinatayarishwa, na Bibi Mkubwa, Lady Tarrington, alitaka ramani ya Marlingcote iwe ndani. Mzee Pugh goti lilikuwa limevimba, akanituma mimi. Siku ya kwanza nilikawia langoni. Mama aliniuliza asubuhi ile, huku akinipigia viatu brashi, nitaingilia mlango upi. Nikamwambia wa mbele, mchora ramani anaingia mbele. Akaendelea kusugua kiatu ambacho kilishang'aa zamani.

Basi Bibi Mkubwa akanipokea ukumbini, akanitazama usoni, akaniambia karibu Miss Beddoes, hali ya hewa nzuri. Hakunijua. Nilidhani anajitia, lakini siku ya pili nikaelewa. Sheria ya jumba ilikuwa kwamba familia ikipita, kijakazi ageukie ukuta na kusimama mpaka wapite. Miaka mitatu nilikutana na mama yule kwenye korido kila siku ya Mungu, na uso wangu hakuwahi kuuona hata mara moja. Alichokuwa anakijua ni mgongo.

Akanipa maagizo yake kwa upole. Ramani ioneshe ukumbi, sebule kuu, maktaba, chumba cha kulia, ngazi kuu. Ngazi za nyuma, vijia vya ndani ya kuta na handaki vipakwe wino mweusi, vionekane ni unene wa ukuta. "Hakuna anayependa kutazama utumbo wa nyumba," aliniambia. Nikajibu ndiyo Bibi Mkubwa, nikaandika.

Ambrose hakuwepo siku nne, alikuwa London. Siku hii ya tano alirudi. Ilikuwa mwezi wa Juni, mama yake alikuwa na wageni wa chai saa kumi, mchungaji akiwemo, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe chini ya mwerezi, na mimi nilikuwa nimealikwa kuja kuonesha michoro. Nilikuwa maktabani nakunja utepe wangu wa kupimia nikasikia mwendo ule nje, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Nilitaka niwe na hasira. Nikajikuta naukunja upya utepe uliokwisha kukunjwa.

Akaingia, akafunga mlango, akauegemea. Alikuwa amepata mvi mbili tatu juu ya masikio. Macho yalikuwa yale yale, ya kijivu, ya kuomba radhi kabla hajakosa.

"Thirza," akasema.

Nikamwambia nina kazi, wageni wa mama yake wananingoja. Akanisogelea taratibu, kama mtu anayemkaribia farasi aliyeumizwa. Akasema alinitafuta. Kwamba aliambiwa nimeondoka kwa hiari yangu, nimeolewa na mwokaji mikate Birmingham, na hakuamini, halafu akaamini, halafu akaacha kuamini tena. Kwamba wamemletea wasichana watatu wenye meno mazuri na mashamba, na wote aliwatazama akatafuta mtu mwenye vumbi kwenye nyusi. Aliongea sana. Mimi nilikuwa nazitazama kucha zake zilizokatwa vizuri, nikikumbuka namna vidole vile vilivyokuwa vinafungua ukurasa ili tusome wote wawili, na jinsi alivyokuwa akiningoja nimalize mstari, ingawa mimi ndiye niliyekuwa msomaji mwepesi na nilikuwa namngoja yeye.

Nikamuuliza siku ile nilipofukuzwa alikuwa wapi.

Akatazama rafu za vitabu. Halafu nikafanya jambo ambalo sijui mpaka leo lilikuwa ukatili au ombi. Nikasema, "Nilipotokea handakini niligeuka. Nikaona mtu dirishani. La tatu kutoka kushoto."

Uso wake ukalainika wote, akanishika mikono. "Nilikuwa mimi," akasema. "Nilisimama pale mpaka ukapotea kwenye mvua. Sitasahau."

Rangi ya ile mbao ilikuwa bado imenibaki kwenye ncha za vidole, vidole hivyo hivyo alivyokuwa amevishika.

Ningeweza kumaliza hadithi hapo. Mwenye akili angemaliza. Lakini nilimtazama nikaona hakuwa anadanganya ili apate kitu. Alidanganya jinsi babu yake wa kale alivyojenga, kwa sababu upande ule ulikosa dirisha na aliona vibaya kuuacha mtupu. Na mimi nilikuwa nampenda. Sioni haya kuliandika. Nikaumeza uwongo ule kama mtu anavyomeza dawa chungu, nikamwacha aendelee kunishika.

Akaniambia anataka kunioa. Si kunificha, kunioa, kanisani, mbele ya watu. Nikamuuliza mama yake je.

"Mama amekupenda," akasema, akacheka kwa furaha ya kweli. "Jana kaniandikia habari zako. Kasema Pugh amepata msichana mwenye adabu na akili, pengine mpwa wake, watu wa heshima kutoka Wales. Umeona? Mlima umeshajisogeza wenyewe."

Nikamwambia mimi si mpwa wa Pugh.

"Najua, mpenzi. Lakini nani atakayeuliza?"

"Mama yangu atakaa wapi kanisani, Ambrose? Kati ya wapwa wa Wales?"

Akasema mambo hayo yatapangika. Akasema mama yangu ni mgonjwa, hatapenda safari ya kanisani, tutamtafutia kijumba kizuri pwani, hewa safi kwa kifua chake. Akavipanga vyote harakaharaka, akanipanga na mimi ndani yake, nikawaona babu zake wote wakisimama nyuma yake na ramani zao mkononi: handaki lipite hapa, jiko liende kule, Keziah awekwe pwani.

Nikatoa mikono yangu. Nikamwambia sitaki kitu kikubwa. Watu wako nje, mama yake yuko nje. Anishike mkono, tutoke maktaba, tupite sebule kuu, tupite ukumbini, tutoke mlango wa mbele, tushuke zile ngazi kumi na nne za mawe, tuvuke nyasi mpaka kwenye mwerezi. Pale amwambie mama yake maneno machache tu: huyu ni Thirza Beddoes, binti wa Keziah aliyekuwa dobi wako, aliyekuwa Mary wako, nami namwoa.

"Leo?"

"Sasa hivi. Ukifanya hivyo nitakuwa mkeo hata kama baada ya hapo tutalala zizini."

Tulibishana. Aliniuliza kwa nini nataka kumwadhiri mama yake mbele ya mchungaji. Nikamuuliza aibu ni ipi, kunitaja au kuwa nami. Akaketi kwenye mkono wa kiti, akajisugua goti lake bovu. Akaniambia alipokuwa mahandakini Ufaransa aliongoza watu kutoka shimoni kwenda kwenye risasi na hakuogopa kama anavyoogopa ile meza ya chai. Nilimwamini. Nikamwonea huruma, na nikachukia kwamba namwonea huruma.

Mwishowe akasimama, akavuta koti lake, akanipa mkono. "Twende," akasema. "Bwana wee, twende kabla sijafikiri."

Sijawahi kutembea vile. Nilikuwa na michoro yangu imeviringishwa chini ya kwapa, mkono wake wa moto umenishika, na ule mwendo wake mzito na mwepesi ukawa mwendo wetu. Tukaingia sebule kuu. Ni chumba kirefu, kuta zote zimebandikwa karatasi ya kijani yenye ndege wa China wanaotazamana, na dari ya lipu imejaa matunda na matarumbeta. Mlango wa kwenda ukumbini ulikuwa wazi mbele yetu. Nikauona mwanga wa nje, kipande cha nyasi, mwavuli mweupe wa mtu.

Ndipo tukasikia sauti ukumbini. Bibi Mkubwa alikuwa anamleta mchungaji kumwonesha ile dari kabla ya chai. Viatu vyao vilikuwa tayari juu ya marumaru.

Nikasema moyoni, vizuri, hata kwenye nyasi hatutafika, atamwambia hapa hapa.

Mkono wake ukaniachia. Sikuona ameamua. Laiti ningeona ameamua. Kwenye ukuta ule wa kijani, kati ya ndege wa nne na wa tano, kuna mlango usioonekana, umebandikwa karatasi ile ile, hauna kitasa, hauna fremu. Unausukuma chini ya mkia wa ndege unafunguka. Umetengenezwa ili kijakazi aingie kuwasha moto na kutoka bila kuharibu ukuta kwa kuonekana. Zamani Ambrose alikuwa akijificha humo kuningoja, na mimi nikishahakikisha chumba ni kitupu nilikuwa nagonga karatasi mara tatu, naye hutoka akicheka, na utando wa buibui kichwani. Kiganja chake kilikwenda chini ya mkia wa ndege chenyewe, kama kiganja cha mtu kinavyokwenda mfukoni. Ukuta ukafunguka. Akawa ndani kabla sijageuka, akaninyooshea mkono kutoka kwenye lile giza, na uso wake ulikuwa na upendo mtupu.

"Pita huku," akaninong'oneza. "Upesi, mpenzi. Tutazungukia handakini."

Handakini.

Nikamtazama. Viatu vilikuwa vinakaribia. Nikaweka kiganja changu kwenye karatasi, nikausukuma mlango ukafungika, taratibu, usitoe sauti, jinsi nilivyofundishwa. Na kwa kuufunga ilinibidi niugeukie ukuta.

Nyuma yangu viatu vikasimama.

Alikuwa anamweleza mchungaji habari za matarumbeta. Akakatiza. Nikasikia saa ya ukumbini. Halafu Bibi Mkubwa, aliyenitazama usoni siku tano, aliyenisifu kwa mwanawe kwa barua, akasema kwa sauti ya mtu aliyeona kikombe chake kilichopotea:

"Wewe ni Mary."

Nikageuka. "Jina langu Thirza, Bibi Mkubwa."

"Hapa ulikuwa Mary." Hakupandisha sauti. Hawapandishi. Akaniangalia kuanzia viatu, na nikaona jinsi uso wangu ulivyokuwa unafutika machoni mwake, kama ubao. "Yule wa barua. Nami nimekukaribisha chai."

Mchungaji aliinua macho darini, akayahesabu matunda.

Bibi Mkubwa akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kurudi katika nyumba hii na kutembea mbele. Alisema anajua watu wa aina yangu, kwamba ukiwapa ufa wanaingia nyumba nzima. Alisema mwanawe alikuwa mgonjwa wakati ule, ametoka vitani, na kwamba kijakazi mwenye akili kidogo anajua kunusa mwanamume mgonjwa. Aliyasema yote haya akiwa amesimama futi sita kutoka nilipo, na mimi nilikuwa futi moja kutoka ukutani, na ukuta pale si ukuta. Ni ubao wa robo inchi na karatasi. Nilikuwa namsikia Ambrose anapumua.

"Uliingia kwa ruhusa ya nani?" akarudia.

"Yupo anayejua," nikasema. "Namsubiri ajibu."

Akatazama huku na huku kwenye chumba kitupu, kisha akamtazama mchungaji, kwa macho ya kusema unaona mwenyewe. Mimi nikarudisha mkono nyuma bila kugeuka. Nikagonga karatasi mara tatu.

Nilikuwa nimempa neno letu. Neno la kwamba chumba ni salama, toka. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kusema uwongo mzuri kuliko ule. Pumzi ya ndani ikakatika. Nikasikia kiatu kikisogea, kile kizito. Nikangoja kile chepesi. Ninazijua bawaba za mlango ule. Nimezipaka mafuta kwa mkono wangu miaka mitatu, hazikwami, hazilii, mtoto angeusukuma kwa kidole kimoja. Nikangoja mpaka mchungaji akakohoa.

Kile kiatu kizito kikaanza kushuka ngazi.

Basi. Nikaweka michoro yangu vizuri chini ya kwapa. Nikamwambia Bibi Mkubwa kwamba ramani yake itakuwa tayari baada ya wiki mbili, na kwamba nguzo ya tatu upande wa mbele imeachana na ukuta kwa inchi nne, amwite fundi kabla haijamwangukia mgeni. Nikapita kati yake na mchungaji. Bibi Mkubwa alinyoosha kidole kuelekea ule ukuta wa ndege, njia yangu ya zamani, na kwa mara ya kwanza sauti ikamtetemeka.

"Si huko. Kuna watu nje."

"Nimewaona," nikamjibu.

Nikatoka mlango wa mbele. Ngazi kumi na nne, nilizihesabu wakati wa kupima, sikuzihesabu tena. Nikavuka nyasi katikati, jua linawaka, wageni wameshika sandwichi zao za matango na bakuli za stroberi, na mmoja wao, mzee mwenye masharubu, akaninyanyulia kofia. Nadhani aliniona mtu.

Kwenye ukuta wa bustani ya mboga, pale handaki linapotokea, Ambrose alikuwa ameshafika. Alikuwa na matope kwenye viatu vyeupe na utando wa buibui kwenye mvi zake. Akanyoosha mikono, akaita jina langu kwa sauti ya chini. Kati yetu palikuwa na hatua ishirini za nyasi, na wageni wote walikuwa wanatazama. Nikasimama. Nikampa nafasi hiyo pia, ya tatu kwa siku moja. Mtu akipenda hukosa aibu. Akatazama nyasi. Akatazama meza. Akanipungia mkono niende mimi kwake, pale penye kivuli.

"Ambrose," nikamwambia, na sauti yangu niliiachia iende mpaka kwenye mwerezi, "dirisha la tatu limechorwa."

Nilimwacha atafakari. Sikugeuka safari hii.

Nyumbani mama alikuwa anapiga pasi. Alikuwa ameniwekea pai ya nguruwe na kachumbari ya vitunguu chini ya sahani. Alinitazama usoni, yeye anayejua kuusoma, akarudisha macho kwenye shati.

"Umetokea mlango upi?" akauliza.

"Wa mbele, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akatema mate kwenye pasi kuona kama ina moto.

Wiki mbili nilichora. Mzee Pugh alikuja kuniangalia begani, akaona ninachokifanya, akarudi mezani kwake, Mungu ambariki. Niliuchora ukumbi, sebule kuu, maktaba. Kisha nikachora ngazi ya nyuma, kila kidato. Nikachora vijia vya ndani ya kuta, na jiko, na futi mia na arobaini za supu ya baridi. Nikachora handaki lote, nikaandika juu yake kwa herufi zangu nzuri: Njia ya Keziah Beddoes. Nyuma ya dirisha la tatu nikaandika: giza. Hakuna hata sehemu moja ya utumbo wa nyumba ile niliyoipaka wino.

Isipokuwa moja. Kwenye ukuta wa kijani, kati ya ndege wa nne na wa tano, kuna nafasi ndogo, futi mbili kwa tatu, inayomtosha mtu mmoja aliyesimama. Hapo nilichovya kalamu mara mbili, nikapaka mpaka karatasi ikalowa, ikawa nyeusi, ikawa ukuta.